Jani, chupa ya chai au puto: jaribio lipi la nishati ya seli likufae?

Mada ya nishati katika seli inapofika, majaribio matatu hugombea kipindi kimoja. La kwanza ni jani linalopimwa wanga kwa iodini. La pili ni maharage yanayochipua ndani ya chupa ya chai huku kipimajoto kikipanda. La tatu ni hamira na sukari vinavyojaza puto. Yote yanawezekana Mbeya, Iringa, Njombe, hata Makete, kwa vifaa vya dukani na jikoni. Ila kila moja linaonyesha jambo lake, na baridi ya nyanda hizi za juu za kusini mwa Tanzania huyasumbua kwa namna tofauti. Anayechagua kwa kuangalia tu kabatini kuna nini anaweza kufanya jaribio safi kabisa, likajibu swali ambalo wanafunzi wake hawakuwa nalo.

Tunatafuta kuona nini?

Seli haiumbi nishati. Inaipokea, inaibadilisha sura, kisha inaiachia. Ndani ya kloroplasti, yaani vijisehemu vya kijani vya seli ya mmea, klorofili (rangi ya kijani yenyewe) hunasa mwanga wa jua. Maji yanavunjwa, oksijeni inatoka, na nishati iliyonaswa inatumika kuijenga hewa ukaa (kabonidioksidi) kuwa sukari. Sukari inayozidi mahitaji ya wakati huo inafungwa kuwa wanga. Baadaye seli, iwe ya mmea au ya mnyama, huivunja sukari hatua kwa hatua. Kazi hiyo huanzia kwenye majimaji ya seli na, oksijeni ikiwepo, humalizikia ndani ya mitokondria, vijisehemu vya seli vinavyotumia oksijeni hiyo. Sehemu ya nishati hupakiwa kwenye ATP, molekuli ndogo inayobeba nishati ndani ya seli, iliyobaki hutoka kama joto.

ATP iligunduliwa na Karl Lohmann mwaka 1929, na ndiyo inayoendesha kazi za seli moja kwa moja. Wanafunzi wengi huiita ghala, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Wanga ni mahindi ya ghalani. ATP ni ugali uliokwisha kusongwa. Hakuna anayesonga ugali wa mwaka mzima akauweka akiba, na seli nayo haifanyi hivyo: inatengeneza ATP, inaitumia papo hapo, inatengeneza nyingine.

Sasa jambo la kuwaambia wanafunzi kabla ya kugusa kifaa chochote: hakuna hata moja kati ya majaribio haya linaloonyesha ATP yenyewe. Tunachoona ni nyayo zake. Jani linatuonyesha akiba, chupa ya chai inatuonyesha joto, puto linatuonyesha gesi.

Vigezo vya kupimia

Tutayapima yote matatu kwa mambo yaleyale: linaonyesha hatua gani ya safari ya nishati, linahitaji vifaa gani na muda gani, lina hatari gani, linaharibikia wapi, hasa huku kwetu kwenye baridi na mwinuko, na linamfaa nani. Kigezo kimoja tunakipa uzito kuliko vingine, nacho ni kilinganishi, yaani sampuli ya pili ambayo imeondolewa kitu kimoja tu. Jaribio lisilo na kilinganishi ni maonyesho, hata likipendeza vipi.

1. Jani na iodini

*Linachoonyesha.* Kunaswa kwa nishati na kuwekwa akiba. Njia yenyewe ni ya zamani: Julius Sachs alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba wanga hujitokeza kwenye sehemu ya jani iliyopata mwanga. Jaribio halionyeshi mwanga ukinaswa, linaonyesha mavuno yake. Halisemi lolote kuhusu kuachiwa kwa nishati.

*Vifaa na hatua.* Unahitaji mmea kwenye kopo, karatasi ya foili, klipu za karatasi, spiriti, testi tyubu au kikombe chembamba cha glasi, chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, sahani nyeupe na iodini. Tincha ya iodini ya duka la dawa inafaa ukiizimua kwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi. Hata povidoni iodini ya kusafishia vidonda inafanya kazi.

1. Weka mmea kwenye kabati lenye giza kwa saa 48, ili wanga wa zamani uishe.
2. Funika sehemu ya jani moja kwa foili pande zote mbili, lichoree alama, kisha weka mmea juani kwa saa 4 hadi 6.
3. Chuma jani, ondoa foili, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja. Hapo seli zinakufa, utando wake unafunguka na iodini itaweza kupenya.
4. Zima jiko. Liweke jani kwenye testi tyubu yenye spiriti, na testi tyubu uisimamishe ndani ya bika (bilauri kubwa ya maabara) lenye maji moto kutoka kwenye chupa ya chai. Baada ya dakika 5 hadi 10 spiriti inakuwa ya kijani na jani linapauka.
5. Lisuuze kwenye maji ya uvuguvugu. Limekuwa gumu na linavunjika kirahisi.
6. Litandaze kwenye sahani, dondosha iodini, subiri dakika 2 au 3.

Palipopata jua panakuwa buluu iliyokolea hadi nyeusi. Palipofunikwa panabaki na rangi ya kahawia ya iodini. Kilinganishi kiko ndani ya jani lilelile, na huo ndio uzuri mkubwa wa jaribio hili: umri mmoja, mmea mmoja, siku moja, tofauti ni mwanga tu. Ukipata mmea wenye majani ya mabaka meupe unaweza kuuliza swali jingine, la klorofili, bila hata kutumia foili: sehemu nyeupe haitageuka.

*Hatari.* Spiriti inashika moto haraka, na mvuke wake hutambaa mezani kuelekea kwenye mwali. Kosa linalounguza watu ni kuweka chombo cha spiriti juu ya jiko. Usifanye hivyo hata kwa dakika moja. Kwa bahati nzuri, mwinuko wetu hauzuii njia salama. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Alkoholi, ambayo huchemka karibu nyuzijoto 78 usawa wa bahari, huku huchemka mapema zaidi. Maji ya chupa ya chai yanatosha. Shida ni kwamba bika hupoa upesi asubuhi ya baridi, hivyo badilisha maji moto mara moja katikati ya kazi. Kurudisha moto mezani ili kuyapasha si suluhisho.

*Linapoharibikia.* Jani lote, pamoja na palipofunikwa, limekuwa jeusi: wanga wa zamani haukuisha. Hili hutokea sana Juni na Julai, kwa sababu kwenye baridi mmea huvunja na kusafirisha wanga wake polepole. Ongeza saa 24 za giza, na kabati liwe kwenye chumba chenye joto kidogo. Jani lote limebaki kahawia: mwanga haukutosha, jambo la kawaida kwenye siku za mawingu mazito ya masika, au spiriti haikumaliza kutoa rangi.

Uchaguzi wa jani nao unaamua mengi. Maharage, matembele na viazi mviringo hutoa majibu mazuri. Jani la parachichi au la chai ni gumu na lina nta, linachelewa kupauka. Jani la kitunguu usilitumie kabisa: lina usanisinuru (kutengeneza sukari kwa mwanga) kama mengine, lakini akiba yake huiweka kama sukari, si wanga, kwa hiyo iodini itakudanganya kwamba hakuna kilichotengenezwa. (Mwanafunzi hodari anaweza kupewa kitunguu makusudi, aeleze kwa nini kimekataa.)

Kwa mwanafunzi wa Njombe au Makete, jani la kiazi lina faida nyingine. Wanga wa mchana kwenye jani hilo ni akiba ya muda. Usiku unavunjwa kuwa sukari, unasafiri kwenye shina hadi ardhini, unafungwa tena kuwa wanga ndani ya kiazi. Dondosha iodini kwenye kipande cha kiazi kibichi kando ya jani, na safari nzima ya akiba inaonekana mezani.

*Linamfaa nani.* Darasa linalochanganya chakula cha mmea na mbolea, au linaloamini mmea "unakula udongo". Linahitaji mwalimu anayeweza kupanga siku tatu kabla na kusimamia spiriti kwa karibu. Darasa la wanafunzi 70 wenye meza moja lisifanye wenyewe, lionyeshwe.

2. Mbegu zinazochipua kwenye chupa ya chai

*Linachoonyesha.* Kuachiwa kwa nishati kwa msaada wa oksijeni, na kwamba si nishati yote inakuwa ATP. Glukosi gramu 180 ina takriban kilojuli 2,800. Seli ikiivunja yote kwa oksijeni hupata ATP 30 hadi 32 kwa kila molekuli ya glukosi (vitabu vya zamani huandika 36 au 38), na ukipiga hesabu kwa kilojuli 30 hivi kwa kila moja, ni kama theluthi tu ya nishati imepakiwa. Iliyobaki ni joto, na hilo ndilo kipimajoto kinalokamata.

*Vifaa na hatua.* Chupa mbili za chai za ujazo wa lita moja, vipimajoto viwili, pamba, na gramu 400 za maharage au mahindi makavu. Kwanza zipime chupa zenyewe: jaza maji moto zote mbili, pima baada ya saa tatu. Kama moja imepoa zaidi, haitunzi joto sawa na mwenzake. Tafuta nyingine, la sivyo utakuwa unapima chupa badala ya mbegu.

Loweka mbegu zote kwa saa 24. Nusu yake, gramu 200 kwa uzito wa awali, zichemshe dakika 15 na uziache zipoe kabisa. Kisha mafungu yote mawili yaoshe kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, sehemu moja kwa kumi za maji, dakika 5, na uyasuuze vizuri. Jaza chupa, ingiza kipimajoto katikati ya mbegu, ziba kwa pamba, si kwa kizibo. Zilaze chupa zikiwa zimeinama mdomo chini. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo inachuruzika nje kupitia pamba na oksijeni inapata nafasi. Soma joto asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne. Chupa ya mbegu hai hupanda nyuzijoto kadhaa juu ya ile ya mbegu zilizochemshwa.

*Hatari.* Ni ndogo. Jambo moja la kuzingatia sana: mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi ya waridi, kijani au buluu isiyo yake, hazifai. Zina sumu, na wanafunzi watazishika kwa mikono. Tumia maharage ya chakula kutoka sokoni, ya msimu huu, yasiyotobolewa na wadudu. Yaliyokaa ghalani miaka miwili yanaweza kulowana, yakavimba, yasichipue.

*Linapoharibikia.* Siku ya tatu au ya nne chupa ya mbegu zilizochemshwa nayo inaanza kupanda. Mbegu hazijafufuka, bakteria na ukungu wanazila, nao wanaachia joto kwa upumuaji uleule. Harufu itakuthibitishia. Ndiyo maana klorini haikwepeki, na ndiyo maana vipimo vya siku mbili za kwanza viaminiwe zaidi. Kosa la pili ni kizibo kilichokazwa: mbegu zinaishiwa oksijeni, joto linasimama, halafu zinaoza. La tatu ni baridi. Kwenye chumba cha nyuzijoto 12 mbegu huchelewa kuamka. Lowekea kwenye maji ya uvuguvugu na uweke chombo karibu na jiko siku ya kwanza. La nne ni uchache wa mbegu. Kiganja kimoja ndani ya chupa ya lita moja kinapoteza joto lote kwenye hewa inayokizunguka.

Anayejua kutengeneza togwa tayari anaijua nusu ya biolojia hii. Kimea cha ulezi ni mbegu zilizochipua na kuzalisha vimeng'enya vinavyovunja wanga wao kuwa sukari, ili chipukizi lipate cha kutumia kabla halijafika kwenye jua. Utamu wa togwa ni akiba iliyokuwa njiani kutumika, ukaiwahi.

*Linamfaa nani.* Darasa linaloamini kwamba mimea haipumui, au hupumua usiku tu. Pia anayetaka wanafunzi wajifunze kuandika jedwali na kuchora grafu, kwa kuwa hapa kuna tarakimu za siku kadhaa. Halimfai mwenye kipindi kimoja pekee.

3. Hamira na puto

*Linachoonyesha.* Kuachiwa kwa nishati bila oksijeni. Hamira hugeuza kila molekuli ya glukosi kuwa molekuli mbili za alkoholi na mbili za hewa ukaa, na hupata ATP 2 tu. Nishati iliyobaki haijapotea. Karibu yote imo bado ndani ya alkoholi. Spiriti inawaka kwa sababu hiyohiyo.

*Vifaa na hatua.* Chupa ya plastiki ya nusu lita, maji mililita 250 ya nyuzijoto 35 hadi 40, kijiko cha chakula cha sukari, kijiko cha chai cha hamira, na puto. Puto lipulizwe na kutolewa upepo mara mbili tatu kwanza, ili lilegee. Tikisa, vika puto mdomoni mwa chupa, weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ndani ya nusu saa puto linasimama. Kwa vilinganishi andaa chupa ya pili isiyo na sukari, na ya tatu yenye hamira iliyochemshwa.

Puto peke yake linasema kuna gesi. Halisemi ni gesi gani. Pitisha gesi hiyo kwenye maji ya chokaa. Kijiko cha chai cha chokaa ndani ya lita ya maji, tikisa, acha usiku kucha, mimina yaliyo safi juu na uyafunike. Yakigeuka kama maziwa, ni hewa ukaa. Chokaa iliyokaa wazi miezi mingi imeshachukua hewa ukaa kutoka hewani na haitafanya kazi.

*Hatari.* Karibu hakuna, ila usikaze kizibo badala ya puto, kwa sababu sukari gramu 5 zikichachuka zote zinatoa zaidi ya lita moja ya gesi. Na mchanganyiko usinywewe.

*Linapoharibikia.* Maji ya moto kupita nyuzijoto 50 yanaiua hamira. Maji ya bomba ya asubuhi ya Julai yanailaza. Pima kwa kipimajoto, usipime kwa kidole kilichopoa. Mwinuko hapa unasaidia kidogo: hewa ya Mbeya ina mgandamizo mdogo, kwa hiyo kiasi kilekile cha gesi hujaza nafasi kubwa kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Usilinganishe ukubwa wa puto lako na picha ya kitabuni.

Kosa la kimaana ni zito zaidi. Wanafunzi huondoka wakidhani hamira haihitaji oksijeni kamwe, au kwamba upumuaji wote wa seli hutoa alkoholi. Waeleze kwamba hamira hutumia oksijeni ikiwepo, ila penye sukari nyingi huchachusha hata hivyo, na kwamba misuli yetu ikikosa oksijeni ya kutosha hutoa asidi ya laktiki. Ulanzi wa Iringa na Njombe ni mfano wa karibu: utomvu wa mwanzi ni mtamu unapogemwa, na kadiri saa zinavyopita hamira za asili zinaigeuza sukari kuwa alkoholi na povu.

*Linamfaa nani.* Mwenye kipindi kimoja, darasa kubwa na fedha kidogo. Makundi kumi yanaweza kufanya kwa wakati mmoja, kila kundi kwa nyuzijoto tofauti, na darasa likapata grafu ya jinsi joto linavyobadilisha kasi ya vimeng'enya vya hamira siku hiyohiyo.

Uchague kwa hali yako

Una dakika 80 na hujaandaa chochote jana: hamira. Una wiki moja, chupa mbili nzuri na wanafunzi wanaoweza kusoma kipimajoto kwa uaminifu: mbegu. Mada yako ni usanisinuru na jua lipo: jani, hata kama ni gumu kuandaa, maana majaribio mengine mawili hayagusi kabisa kunaswa kwa mwanga.

Kama ni Juni na shule iko Makete au Njombe, jani linawezekana kwa sababu jua la kiangazi ni kali, ila liongezee siku ya giza. Katikati ya mvua za Januari, jani linaweza kukuangusha siku mbili mfululizo. Fanya mbegu au hamira na ulisubirishe jani mpaka mawingu yafunguke. Huna chumba kinachopitisha hewa wala mtu wa kukusaidia kusimamia: acha spiriti, bila kujadiliana na mtu.

Mwanafunzi anayejisomea nyumbani asifanye jaribio la jani peke yake. Hamira inamtosha, akiongeza kilinganishi cha chupa isiyo na sukari.

Anayeweza kufanya mawili aanze na jani, kisha mbegu, ili wanafunzi waione akiba ikiingia kabla ya kuiona ikitoka. Mbegu zilowekwe Jumapili jioni. Jumatatu jioni ziingie kwenye chupa, na kufikia Jumatano jioni utakuwa na tarakimu za kutosha kabla ukungu haujaanza kazi yake.